Kumfundisha Mtoto wa Shule ya Msingi Kuandika: Kutoka Kunakili hadi Kutunga

Katika madarasa mengi ya shule zetu za msingi, kipindi cha kuandika huanzia na kuishia ubaoni. Mwalimu huandika sentensi tano, wanafunzi huzinakili kwenye madaftari yao, mwalimu hupita akitia alama za vema, kisha kengele hulia. Kunakili kuna kazi yake, kwa kuwa huuzoesha mkono na jicho, lakini mtoto ambaye kwa miaka mitatu hakufanya jingine ila kunakili, akifika darasa la nne na kuambiwa atunge habari ya mistari 10, hubaki akiukodolea macho ukurasa mtupu. Si kwamba hana la kusema, maana wakati wa mapumziko husimulia bila kituo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwomba aliandike. Mwongozo huu unawahusu walimu wa darasa la kwanza hadi la saba, pamoja na wazazi wanaowasaidia watoto nyumbani, na msimamo wake ni kwamba mtoto anapaswa kuandika jambo lake mwenyewe, hata kama ni neno moja, tangu miezi ya kwanza ya shule.

Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 uliziweka mbele stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, kuandika ndiko kunakosahaulika upesi zaidi kati ya stadi hizo tatu. Kusoma kunasikika darasa zima, na hesabu ina jibu moja, ilhali kuandika kunamtaka mwalimu asome kazi ya kila mtoto, na katika darasa la watoto 80 au 100 huo ni mzigo mzito. Isitoshe, kwa miaka mingi sehemu ya utungaji katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi imekuwa ikimtaka mtahiniwa apange sentensi zilizochanganywa kwa kuzipa herufi za mfuatano wake, si atunge zake mwenyewe, na ni kawaida ya mwalimu kufundisha kile kinachopimwa. Kwa hiyo anayetaka wanafunzi wake waandike kweli hana budi kujitengea nafasi hiyo mwenyewe, nami napendekeza dakika 15 kila siku badala ya kipindi kirefu kimoja kwa juma.

Kuuandaa mkono

Mtoto wa darasa la awali au wa wiki za mwanzo za darasa la kwanza huchoka upesi kushika penseli kwa sababu misuli ya vidole vyake bado ni dhaifu. Afinyange udongo, atunge shanga, atie punje za mahindi moja moja kwenye chupa, achore mistari ya wima, ya mlazo, ya mawimbi na miduara, kwanza hewani kwa mkono mzima, kisha mchangani kwa kidole, na mwisho kwenye karatasi. Penseli hushikwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ikiegemea kidole cha kati, na mkono mwingine hulishikilia daftari lisiteleze. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe kubadili. Aketi upande wa kushoto kabisa wa dawati ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, na sehemu ya juu ya daftari lake iinamishwe kidogo kuelekea kulia ili aone anachoandika.

Kiswahili kinamrahisishia kazi mwalimu wa darasa la kwanza, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu na tahajia yake hufuata sauti kwa uaminifu mkubwa. Mtoto aliyezifahamu irabu tano, kisha akaongezewa konsonanti za m, b, k, t na l, tayari anaweza kuandika mama, baba, kaka, kuku, bata, embe, lala na kula, na anaweza kuandika sentensi yake ya kwanza, "Kaka ala embe", kabla hajazimaliza herufi zote. Asisubiri kuzimaliza. Herufi zifundishwe kwa sauti zake, si kwa majina yake, na inafaa zipangwe pia kwa namna mkono unavyokwenda: o, a, d na g huanza na mviringo, ilhali l, i na t huanza na mstari wa kushuka. Herufi b na d, ambazo watoto wengi huzigeuza, zisifundishwe wiki moja. Mtoto akizoea kwamba b huanza na mstari na d huanza na mviringo, mkono wenyewe humkumbusha hata pale jicho linapokosea.

Sauti zinazotatiza na nafasi kati ya maneno

Baada ya silabi nyepesi huja miungano ya konsonanti, na hapa ndipo walimu wengi huharakisha kupita kiasi. Njia iliyo rahisi na isiyogharimu chochote ni kupiga makofi. Neno "mti" lina makofi mawili, kwa sababu m yake inasimama peke yake kama silabi: m-ti. Neno "mbuzi" nalo lina makofi mawili, lakini kwa sababu nyingine, maana m imeungana na b na kuwa silabi moja: mbu-zi. Mtoto anayeandika "muti" hafanyi uzembe. Anaisikia silabi ya kwanza na anajua kwamba silabi huwa na irabu, kwa hiyo anaitia. Aonyeshwe kwamba kusikia kwake ni sahihi, na kwamba m inaruhusiwa kusimama bila irabu, kisha aandike "mtu", "mkono" na "mguu" palepale wakati makofi bado yanasikika.

Tofauti ya ng na ng' ifundishwe kwa kulinganisha. Katika "ngoma" na "ngazi" sauti ya g inasikika waziwazi. Katika "ng'ombe" na "ng'ara" haisikiki. Watoto wayatamke maneno hayo kwa zamu, kisha mwalimu atamke mengine na wao wainue kadi yenye ng au ng' kabla ya kuandika. Kwa r na l, kumbuka kwamba lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi sauti hizo, na mtoto ambaye nyumbani anazungumza mojawapo ya lugha hizo hana budi kulifunza sikio lake kwanza. Jozi ambazo maana hubadilika ndizo zinazosaidia zaidi: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Sentensi moja kama "Nilisahau kalamu yangu kwenye karamu" itawafanya wacheke, na haitawatoka. Sauti dh, th na gh, ambazo zimekuja na maneno yenye asili ya Kiarabu kama dhahabu, thamani na ghali, zinahitaji jicho kuliko sikio kwa watoto wengi wa bara, kwa hiyo maneno hayo yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi na kubandikwa ukutani, yaongezwe kadiri yanavyojitokeza kwenye masomo.

Kosa ambalo binafsi ningelipa muda mwingi kuliko mengine yote ni la kugawa maneno, kwa sababu huonekana hata kwenye matangazo ya barabarani na barua za watu wazima. Mtoto huandika "ata kuja", "nime soma" au "ali ye fika", kisha anaunganisha yasiyoungana, kama "kwasababu" na "kwahiyo". Chanzo chake ni umbo la kitenzi cha Kiswahili, ambacho hubeba mambo mengi kwa pamoja: katika "hatukuwaona" mmo ndani ya neno moja wasioona, kukanusha, wakati uliopita, na wale ambao hawakuonekana. Mtoto anayesikia vipande hivyo kwa masikio makini hushawishika kuvitenganisha.

Dawa yake ni vipande vya karatasi ngumu. Andika ni, tu, a na wa kwenye vipande vya kwanza. Kwenye vya pili andika "na", "li", "ta" na "me". Kwenye vya tatu andika "soma", "kata", "cheza" na "lima". Kundi la watoto wanne au watano lichague kipande kimoja kutoka kila fungu, livipange mezani hadi vigusane kabisa, lisome kwa sauti, kisha kila mmoja anakili neno zima bila kuinua penseli kati ya kipande na kipande. Baada ya hapo wape kipimo ambacho wanaweza kukitumia wenyewe: likiwapo shaka, sema kipande hicho peke yake na uulize kama mwenzako anaelewa. Ukimwambia mtu "ata" na kunyamaza, hataelewa chochote, basi "ata" haliwezi kusimama. Liunganishe na "kuja", upate "atakuja". Lakini "kwa" ni neno kamili, linalosimama katika "kwa mama" na "kwa miguu", kwa hiyo katika "kwa sababu" nalo lisimame. Kipimo hiki hakitatui kila shaka, ila kinatosha kwa sehemu kubwa ya makosa ya darasa la pili na la tatu.

Imla nayo isaidie kazi hii badala ya kuwa mtego. Maneno sita hadi kumi yanatosha, yote yakiwa yamekwisha fundishwa, na yawe ndani ya sentensi. Mwalimu asome sentensi nzima kwanza, kisha polepole kwa vifungu, kisha nzima tena, na watoto wajisahihishe wenyewe kwa kutazama ubao. Alama za imla zisitangazwe mbele ya darasa, kwa maana mtoto aliyeaibishwa kwa tahajia huanza kuyakwepa maneno asiyo na hakika nayo, na maandishi yake yote yakawa mafupi na makavu.

Kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi

Utungaji huanza kwa mazungumzo. Kila asubuhi, mtoto mmoja au wawili waeleze jambo lililotokea nyumbani, na mwalimu aandike ubaoni maneno yao kama walivyoyasema, huku akiyatamka na kuonyesha anapoweka herufi kubwa na nukta. Tuseme mtoto wa darasa la pili amesema, "Jana tulienda kisimani. Ndoo ilipasuka." Mwalimu mwenye haraka atamsifu na kumketisha. Mwenye subira atamwuliza: Mlikwenda nani na nani? Ndoo ilipasuka ikiwa wapi? Mlifanya nini baada ya hapo? Baada ya majibu hayo ubao utasomeka hivi: "Jana jioni mimi na dada tulienda kisimani. Dada alipoitua ndoo juu ya jiwe, ilipasuka chini na maji yakatumwagikia miguuni. Tulirudi nyumbani na ndoo moja." Mwalimu hakuongeza neno lake hata moja, ameuliza tu, na darasa zima limeona habari ikikua mbele ya macho yao. Baada ya wiki kadhaa za zoezi hili, wapange watoto wawili wawili waulizane maswali hayohayo, kisha kila mmoja aandike yake.

Kwa darasa la tatu na la nne, hakuna zoezi ninaloliamini zaidi ya maelezo ya jinsi ya kutengeneza kitu, na kwa shule nyingi kitu kinachofaa zaidi ni mpira wa matambara, ule ambao watoto hutengeneza wenyewe kwa mifuko, vitambaa vikuukuu na kamba ili kucheza chandimu. Kila mtoto aandike hatua za kuutengeneza kwa mwenzake ambaye hajawahi kuuona. Siku ya pili, mwalimu alete vifaa, achague karatasi chache, na afuate maelezo kama yalivyoandikwa, bila kuongeza lolote kutoka kichwani mwake. Iwapo imeandikwa "Chukua vitambaa ufunge kamba", atachukua vitambaa na kuifunga kamba peke yake fundo, vitambaa vikibaki mezani. Watoto watapiga kelele kwamba sivyo. Hapo mwalimu awaulize ni neno gani linalokosekana, na wao wenyewe watatoa: vikunje, vifanye viwe mviringo, vizungushie kamba mara nyingi kutoka kila upande, kaza, funga fundo. Siku ya tatu waandike upya, na siku ya nne wabadilishane karatasi na kutengeneza mipira uwanjani kwa kufuata maandishi ya wenzao.

Zoezi hilo hufundisha mambo ambayo maelezo ya mwalimu hayawezi kuyafikisha. Mtoto hugundua kwamba msomaji hayumo kichwani mwake na haoni mikono yake, kwamba mpangilio wa hatua una maana, na kwamba kuandika upya si adhabu. Wakati huohuo atakuwa amejifunza matumizi ya "kwanza", "kisha", "halafu" na "mwishoni", pamoja na upatanisho wa ngeli, maana kitambaa hukunjwa na kamba hukazwa, na viambishi vya ki, vi na i vitamlazimu avitumie kwa uangalifu ili msomaji ajue ni kitu gani kinachofanywa nini.

Kuhusu mapambo yaliyokaririwa

Kuna desturi moja ambayo ningependa ikomeshwe. Wanafunzi hukaririshwa mianzo na tamathali za kuingiza katika kila insha, liwe somo lake ni harusi au ajali: jua linang'aa, ndege wanaimba kwenye matawi, upepo unavuma taratibu. Nchini Kenya, ambako kwa miaka mingi hadi mwaka 2023, ulipofanyika kwa mara ya mwisho mtihani wa kumaliza elimu ya msingi uitwao KCPE, mtahiniwa alipewa dakika 40 kuandika insha ya Kiswahili, ushindani wa alama uliikuza desturi hii mno, nayo haikukosekana Tanzania hasa katika shule zinazofuatilia sana ushindi. Methali, nahau na tashbihi ni mali ya lugha yetu na mtoto anapaswa kuzijua nyingi, lakini ajifunze kuitumia kila moja pale inapoifaa habari. Njia ya kumsaidia ni kumwekea sharti dogo: sentensi ya kwanza ya insha yako iwe na jambo ambalo wewe uliliona au kulisikia, ambalo mwenzako wa dawati moja hawezi kuliandika. Mtoto aliyezoea "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua likiwaka" atahangaika mara ya kwanza, kisha ataandika "Mjomba alifika amebeba kuku miguu juu", na habari itakuwa imeanza.

Barua haihitaji maneno mengi hapa, kwa kuwa vitabu vya kiada huieleza vizuri: anwani ya mwandishi juu upande wa kulia, tarehe, mwanzo, kiini na mwisho, na kwa barua rasmi anwani mbili pamoja na kichwa cha habari. Jambo la kuongeza ni kwamba barua iwe na mpokeaji halisi atakayeisoma. Darasa liandike kwa mwenyekiti wa kijiji kuhusu daraja lililobomoka, au kwa darasa la shule ya jirani kuomba mechi, na barua bora zipelekwe kweli. Mtoto anayejua kwamba mtu mzima ataisoma barua yake huanza mwenyewe kuuliza kama "tafadhali" inaandikwa kwa dh.

Kusahihisha darasa kubwa

Mwalimu wa watoto 80 hawezi kusoma insha 80 kwa makini kila siku, na anayejaribu hukata tamaa mwezi wa kwanza na kurudi kwenye alama za vema. Ayagawe madaftari katika mafungu matano ya watoto 16, kila fungu likiwa na siku yake katika juma. Siku hiyo asome kazi ya watoto hao 16 kwa utulivu, nao wengine waandike kama kawaida na kusomeana wawili wawili: mwandishi asome kwa sauti, msikilizaji amwulize maswali mawili kuhusu habari yenyewe. Kwa utaratibu huu kila mtoto husomwa na mwalimu mara moja kwa juma, na kila siku husikilizwa na mtu.

Katika kusahihisha, mwalimu ajibu kwanza habari iliyoandikwa, hata kwa mstari mmoja: "Nimeipenda sehemu ya mbwa kukataa kuvuka mto, je, alivuka baadaye?" Kisha achague kosa la aina moja au mbili tu, zile zilizofundishwa karibuni, na aziache nyingine kwa siku yake. Karatasi iliyojaa wino mwekundu haimfundishi mtoto jambo lolote, kwa sababu hajui aanzie wapi. Badala ya kuliandika jibu sahihi juu ya kosa, mwalimu aweke pembeni mwa mstari alama fupi iliyokubaliwa darasani, kwa mfano t kwa tahajia, n kwa nafasi kati ya maneno na k kwa kituo, na mtoto alitafute kosa mwenyewe ndani ya mstari huo na kulirekebisha. Itachukua muda hadi wazoee, ila wakishazoea watakuwa wanafanya sehemu ya kazi ambayo mwalimu alikuwa akiifanya peke yake usiku.

Mzazi ambaye hajiamini katika sarufi asidhani kwamba hana la kufanya. Ampe mtoto sababu za kuandika zilizomo katika shughuli za nyumbani: orodha ya vitu vya kununua dukani, ujumbe wa simu kwa bibi, hesabu ya mayai yaliyookotwa juma hili pamoja na jina la kuku aliyetaga. Mtoto akileta alichokiandika, mzazi amwombe akisome kwa sauti na amwulize swali juu ya habari yenyewe kabla ya kutaja kosa lolote. Madaftari ya zamani yasitumike kuwashia moto wala kufungia maandazi. Yawekwe mahali pakavu, na mwisho wa kila muhula mtoto asome ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kisha aandike chini yake sentensi moja kuhusu jambo analoliweza sasa ambalo mwanzoni hakuliweza.